Breki ya Upande wa Abiria

Baba alisoma riwaya yangu ya kwanza yote, akaifunga, akaiweka juu ya redio, na alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua yule mwanamume wa sura ya nne, anayeendesha gari kutoka Tabora hadi Kigoma huku akimkumbuka mke wake, alikuwa kwenye gia namba ngapi.

Nikamwambia sikuwa nimelifikiria hilo.

"Nimeona," alisema. "Tangu anawasha gari mpaka anafika hajabadilisha gia. Hajakanyaga breki. Amekumbuka tu."

"Ni riwaya, baba."

"Hata kwenye riwaya, ukifika Mto Malagarasi unapunguza mwendo."

Wakati ule sikujua kuendesha hata toroli. Nilikuwa nimerudi nyumbani Ipuli, mjini Tabora, kuandika kitabu cha pili, kwa sababu Dar es Salaam kila nilipofungua dirisha jirani alikuwa anachomelea mageti. Uani kwetu palikuwa na pikapu ya baba, nyeupe kwa mujibu wa kadi yake, na kwa macho ya kawaida rangi ya vumbi la barabara ya Kaliua. Nilikuwa nimeipanda tangu utoto bila kuitazama. Nilijua harufu yake, ya asali na dizeli, kama mtu anavyojua harufu ya kanisa lao.

Mwaka huo macho ya baba yalianza kumkimbia. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba sasa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na kwamba asiendeshe tena. Baba alimshukuru, akaendesha kurudi nyumbani, akagonga geti letu. Alisema geti limesogea. Fundi akaitwa kulirudisha mahali pake. Baada ya siku chache likasogea tena, na safari hii mama alichukua ufunguo wa gari akautundika kwenye msumari jikoni, nyuma ya kikaango, mahali ambapo baba hakuwahi kufika.

Hapo ndipo baba mdogo alipojitokeza. Ni mdogo wake baba, anaishi Kahama, ana mashine ya kukoboa mpunga na sauti ya mtu anayezungumza akiwa karibu nayo. Alipiga simu akasema gari lisilotembea linaoza, kwa hiyo mvua zikikatika atakuja kulichukua. Baba hakubisha. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kuliendesha. Kaka zangu wako mbali, na mama aliwahi kujaribu mara moja kabla sijazaliwa, jambo ambalo kwetu halizungumzwi.

Lakini gari likienda Kahama, baba haendi tena Usinge. Hilo tulilijua sote, na kwa kuwa tulilijua hakuna aliyelisema. Usinge ndiko iliko mizinga yake ya nyuki, ndani kabisa kwenye pori, na ndiko anakoishi dada yake, mkubwa wake wa pekee aliyebaki hai. Ni kweli kuna basi, na treni nayo husimama. Ila nyumba ya shangazi iko mbali na barabara, mizinga iko mbali zaidi, na kipande hicho cha mwisho watu hukimaliza kwa pikipiki. Baba aliikataa pikipiki. Alisema mtu wa umri wake hakumbatii kijana barabarani.

Basi nikaenda kujifunza.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Chemchem, wa zile familia za Kiarabu ambazo zimekaa Tabora muda mrefu kiasi kwamba wakisema "kwetu" wananyoosha kidole mtaa wa pili. Alivaa kofia iliyopigwa pasi, alinukia udi, na alikuwa na adabu ambayo ilikuja kunitesa. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja upande wangu na moja upande wake. Hakuwahi kuniambia nimekosea. Siku ya kwanza niliielekea baiskeli iliyobeba mkaa, nikiwa nimejiandaa kabisa kuigonga, gari likasimama taratibu.

"Ahsante, binti yangu," alisema.

"Sijafanya kitu, mwalimu."

"Naam. Ahsante. Haya, bismillahi, tuendelee."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, juma baada ya juma. Nikikaribia ukuta, gari linasimama, mwalimu anashukuru. Nikikaribia mbuzi, gari linasimama, mwalimu anashukuru, na safari moja alimshukuru hadi mbuzi. Nilimaliza mafunzo nikiamini kwamba gari, likifika karibu na kitu, husimama lenyewe kwa heshima. Nilifaulu mtihani asubuhi yenye mawingu, barabara ikiwa tupu, na nilipopata leseni nikampelekea baba. Aliigeuza mbele na nyuma, akaisogeza karibu na pua, pale ambapo bado alikuwa anaona.

"Picha umetoka vizuri," alisema. Kisha akaniambia sharti lake. "Utanipeleka Usinge. Nikifika bila kukanyaga breki yangu, gari linabaki. Nikikanyaga, hata mara moja, baba yako mdogo aje alichukue."

"Breki yako ipi?"

Akanionyesha sakafu ya gari, upande wa abiria, penye zulia la mpira. Hapakuwa na kitu pale ila zulia.

Baba mdogo alipigiwa simu akaelezwa masharti. Alicheka mpaka tukasikia mtu huko nyuma anamuuliza kuna nini. Alikubali. Alisema ataanza kutafuta turubai la kulifunikia gari huko Kahama.

Tulianza mazoezi hapo hapo Ipuli, baba kaketi kushoto kwangu, kavua kandambili ili nimwone vizuri mguu. Alikuwa mtu wa haki. Tulikuwa hatujafika kwenye kona ya kwanza, mguu wake wa kulia ukazama kwenye zulia kama unaua nge.

"Baba, hapo hakuna breki."

"Najua. Ndiyo maana nakanyaga kwa nguvu."

Nilijifunza upya kila kitu nilichodhani nakijua. Klachi ya gari la mwalimu ilikuwa laini kama mto. Ya pikapu ilikuwa na msimamo wake, haikamati mpaka mwisho kabisa, halafu inakamata yote kwa pamoja. Gia ya kurudi nyuma ilipatikana kwa kuomba. Taa za kuashiria zilifanya kazi, lakini ile ya kulia iliambatana na waipa, kwa hiyo nikitaka kukata kulia nilikata huku nafuta kioo kikavu. Baba aliviona vitu hivi kuwa ni tabia. Aliyoisisitiza ni moja tu, breki ya mkono. Alinifanya niipandishe na kuishusha hadi kiganja kikawa chekundu.

"Ukisimama, pandisha. Ukishuka, pandisha. Ukisalimiana na mtu, pandisha. Gari halijui kwamba umemaliza."

Niliyaandika maneno hayo, nikidhani yatanifaa kwenye kitabu.

Kulikuwa pia na suala la mkanda. Wa dereva ulikuwa mzima. Wa abiria ulikuwa umefanya kazi nyingine kwa miaka mingi: ulifunga ndoo ya asali. Kila baba aliporudi kutoka Usinge, ndoo ilikaa kiti cha abiria, mkanda umeikatiza tumboni kiungwana, na mama, kama alikuwepo, alikaa nyuma na magunia. Yeye mwenyewe baba hakuwahi kufunga mkanda maishani, ila asali hakuthubutu kuiacha bila ulinzi. Matokeo yake mkanda ule ulikuwa umekauka kwa asali. Ukiuvuta haurudi, na ukiufunga kuufungua ni mashauriano. Nilimwambia kwamba safari hii atafungwa yeye.

"Mimi simwagiki," alisema.

"Siendi, baba."

Akaufunga. Siku ile alishambuliwa na sisimizi kuanzia Ipuli hadi stesheni na kurudi, na hakulalamika, kwa sababu alisema ni wale wale wanaomjua.

Siku ya safari mama alitoka na kanga begani akaweka mkono juu ya boneti. Sisi ni Wamoraviani, na mama haombi kwa jumla. Aliiombea injini, akaziombea tairi nne kisha spea, akaiombea klachi na kutaja shida zake kama anavyowataja wagonjwa wa jumuiya. Akafika kwenye breki. "Zote mbili," alisema, "hii iliyopo na ile isiyokuwepo." Baba akasema amina kabla yake.

Tukaondoka jua likiwa bado chini. Barabara ya kwenda magharibi kutoka Tabora ni ya zamani kuliko kila kitu kilicho pembeni yake. Babu zake baba waliipita kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, na watu wa nyumbani wakizungumzia mzigo wowote mpaka leo hupenda kuulinganisha na ule. Baba huwa anasema wale hawakuhitaji breki kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kufika. Asubuhi ile lami ilikuwa imelala imenyooka katikati ya miti, umande ukiwa bado kwenye nyasi, na jua likatoka nyuma yetu likajaza vioo vyote vitatu kwa wakati mmoja. Nilitaka kusema jambo kuhusu mwanga ule.

"Gia ya nne," alisema baba.

Nikaweka ya nne.

Kabla ya Urambo tulikuta lori limebeba magogo. Lilikuwa linakwenda polepole, likitoa moshi mzito, nami nikawa nyuma yake. Likawasha taa ya kushoto. Nikapunguza mwendo, nikisubiri likate kushoto. Halikukata. Likaizima, likaiwasha tena.

"Anakwenda wapi huyu?" nikauliza. "Kushoto ni pori."

"Haendi popote. Anakwambia pita."

"Mwalimu alisema taa ya kushoto ni kukata kushoto."

"Mwalimu yuko Chemchem. Huyu yuko mbele yako, anaona usichokiona. Akiwasha ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, njia nyeupe."

"Na akitaka kukata kushoto kweli?"

Baba alifikiri. "Hapo inakuwa bahati mbaya," alisema.

Nilichungulia mwenyewe. Njia ilikuwa nyeupe. Nikaweka gia ya tatu, nikawasha taa yangu ya kulia, waipa zikaanza kufuta, nikatoka. Pembeni mwa jicho niliuona mguu wa baba unanyanyuka. Ulisimama hewani, vidole vimekunjwa, juu kabisa ya zulia, muda wote ambao magogo yalikuwa yanapita dirishani kwake moja baada ya jingine. Nilirudi upande wangu. Mguu ukashuka polepole, ukatua kwenye kisigino. Kisigino hakikuwa kwenye masharti.

"Zima waipa," alisema.

Mbele kidogo askari wa barabarani alitusimamisha, mwanamke mwenye sare iliyokaa vizuri na uso wa kuchoka. Nilipandisha breki ya mkono kwa kishindo ili baba aisikie.

"Shikamoo mzee. Leseni, dada. Mtungi wa kuzimia moto?"

Nikamwonyesha.

"Pembetatu?"

Nilikuwa nimenunua mpya, nyekundu, bado ndani ya nailoni. Nikamwonyesha.

"Kuna na matawi pia," alisema baba. Nyuma ya pikapu, tangu nikiwa shule ya msingi, kulikuwa na fungu la matawi makavu aliyokuwa akiyaweka barabarani gari likiharibika. Majani yalikuwa yameshapukutika, lakini alikataa yatupwe, kwa kuwa alisema pembetatu ni alama na tawi ni onyo.

Askari alilitazama lile fungu. Kisha akamtazama baba na mkanda wake, na sisimizi mmoja aliyekuwa anaupanda kuelekea shingoni.

"Mzee umefunga mkanda. Hongera. Wazee wengi wanatusumbua."

"Sina jinsi, mwanangu," alisema baba. "Haufunguki."

Baada ya Kaliua tulikuta barabara inatengenezwa, tukateremshwa kwenye njia ya pembeni, vumbi jekundu na makorongo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Usukani ulinitikisa mikono hadi mabegani. Kwenye kona moja nikatokea mbele ya ng'ombe, kundi zima, wametanda njia yote kama mkutano wa hadhara. Nilikanyaga. Breki zilishika, gari likateleza kidogo kwenye vumbi, likasimama. Klachi chini, gia huru, breki ya mkono juu, taa zote za kumweka. Nilifanya yote hayo kwa mpangilio, na nilishangaa mikono inayafanya kabla yangu. Ng'ombe wakapita wakituchungulia ndani, mchungaji akatupungia fimbo.

Nilitazama chini upande wa kushoto. Mguu wa baba ulikuwa unatetemeka juu ya zulia, upana wa kidole. Jasho lilikuwa linamtoka. Alikuwa ameushika mguu wake mwenyewe kwa mikono miwili, chini ya goti, kama mtu anayemzuia mbwa.

"Haukutua," alisema.

"Nimeona, baba."

"Andika hiyo kwenye riwaya."

Tulipokuwa tumebakiza kipande cha mwisho, akaanza kuchana nywele na kujikung'uta vumbi. Akanikumbusha kuhusu shangazi. "Usimwamkie kama uko dirishani benki. Shikamoo yenu ya mjini yeye haihesabu."

Nilijua. Kwa shangazi, mtoto wa kike hasalimii akiwa wima. Unashusha magoti, unapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito, unasema "mwadila," kisha unasubiri. Yeye anaitikia, anataja ukoo wa babu, anauliza ya mama, ya nyumba, ya mvua, na kila anapouliza unapiga makofi tena. Hata baba, mwenye mvi zake, humpigia makofi na kuinama, kwa sababu kwa dada yake yeye ni mtoto aliyewahi kubebwa mgongoni. Nilifundishwa hayo kabla ya kufundishwa kusoma. Hayako kichwani, yako magotini.

Tukaacha barabara, tukaingia kwenye kijia kinachokwenda kwake. Nikaweka gia ya kwanza, pikapu ikawa inatambaa taratibu kati ya mahindi yaliyokauka. Nyumba ikaonekana, na paa lake la bati, na turubai kubwa uani lililoanikwa makopa ya muhogo, meupe juani. Nyuma ya turubai palikuwa na rundo la matofali mabichi. Nilipanga kusimama kabla ya turubai. Nilikuwa na nafasi tele. Nakumbuka niliwaza: nimefika, na mguu haukutua.

Shangazi akatokea pembeni mwa nyumba, upande wangu. Amejifunga kitenge kifuani, fimbo mkononi, mwembamba na mnyoofu. Akatutazama.

Sijui nieleze vipi kilichofuata isipokuwa kama kilivyokuwa. Mikono yangu iliachia usukani. Magoti yalikunjwa, miguu ikarudi chini ya kiti, ikaacha klachi, ikaacha mafuta, ikaiacha na breki. Nikainamisha kichwa dirishani nikapiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo.

"Mwadila, shangazi."

Kushoto kwangu nikasikia makofi mengine, mazito kuliko yangu. Baba alikuwa ameinama kadiri mkanda ulivyomruhusu.

"Mwadila, dada."

Gari la dizeli likiwa gia ya kwanza halihitaji mtu. Linakwenda lenyewe, mwendo wa mzee anayetoka kanisani, mpaka kitu kilizuie. Pikapu ikaendelea kutambaa. Shangazi akaitikia, na kwa kuwa salamu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, akatembea nayo. Alitembea sambamba na dirisha langu, fimbo ikigusa ardhi, akataja ukoo wa babu. Tukapiga makofi. Akauliza habari za mama. Mzima, shangazi, anakusalimu. Tukapiga makofi. Akauliza mvua za kule kwetu. Tairi za mbele zikapanda turubai, makopa yakaanza kulia chini yetu, kha, kha, kha, kama mtu anayetafuna mfupa kwa subira. Akauliza nyumba. Nyumba nzima. Tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu watatu aliyemkatiza mwenzake.

Kisha tukafika kwenye matofali. Gari likayasukuma kidogo, likafikiri, bampa likalia, likajizima.

Kuku mmoja akaja kuangalia.

"Mwadila," shangazi akamalizia, kwa kuwa ilibaki moja. Kisha akatazama turubai. "Haya yalikuwa makopa," alisema. "Sasa yamekuwa unga. Karibuni ndani."

Baba hakushuka mara moja. Kwanza kwa sababu ya mkanda, ambao shangazi alilazimika kuleta maji ya moto na kitambaa ndipo ukaachia. Na pia kwa sababu alikuwa anaitazama miguu yake. Ilikuwa imekunjwa chini ya kiti, vidole vimeelekea nyuma, mbali kabisa na zulia.

Shangazi alielezwa masharti huku tunakunywa maji. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Wewe hukukanyaga?"

"Sikukanyaga," alisema baba.

"Na wewe, mama?"

"Nilikuwa nakuamkia, shangazi."

"Na huyu alikuwa ananiamkia." Akafikiri. "Kwa hiyo lilikuwa linaendeshwa na nani?"

Baba aliinua kikombe chake akanywa maji.

"Nilidhani ndivyo magari ya siku hizi yanavyokwenda," alisema shangazi. "Nikasema ngoja nisiwaaibishe."

Baba akatoa simu akampigia baba mdogo. Haikuwa lazima kuweka sauti kubwa, kwa baba mdogo huwa haihitajiki.

"Mmefika?"

"Tumefika."

"Umekanyaga?"

Baba alikuwa anaweza kusema neno moja akaishia hapo. Nilimtazama. Nje niliiona pikapu imeegemeza uso kwenye matofali kama mtoto anayehesabu wenzake wajifiche, na nikaona kabisa jinsi uani kwetu Ipuli patakavyokuwa bila hiyo: doa la mafuta kwenye udongo, na baba kaketi mlangoni na redio, akiuliza mvua za Usinge kwa wapita njia.

"Sijakanyaga," alisema baba.

"Kweli? Naye anaendesha vizuri? Anakanyaga mwenyewe?"

"Kwa ng'ombe alikanyaga. Vizuri sana. Hapa nyumbani naye hakukanyaga."

Tukasikia mashine ya mpunga.

"Sasa gari lilisimamaje?"

"Matofali."

"Matofali ya nani?"

"Ya dada. Tulikuwa tunamsalimia."

"Wote wawili?"

"Ungekuwepo na wewe tungekuwa watatu," alisema baba.

Mashine ikazidi kunguruma. Baba mdogo naye alilelewa na dada yule yule, mgongo ule ule. Nafikiri kule Kahama, katikati ya pumba, aliiona picha nzima na akajiona ndani yake, kaketi nyuma kwenye matawi, anapiga makofi.

"Bampa je?" aliuliza hatimaye.

"Limening'inia."

"Basi likae huko huko kwenu," alisema. "Nimuamkie dada."

Baba akampa shangazi simu. Kabla hajaiweka sikioni tulisikia makofi kutoka Kahama.

Tulilala siku mbili. Baba alikwenda kwenye mizinga na watu wa shangazi, nami nikawapeleka hadi mwisho wa njia. Mimi na shangazi tulitwanga yale makopa yaliyobaki, kazi ambayo alisema nimeshaianza. Bampa tulilifunga kwa kamba za magome. Asubuhi ya kuondoka baba alitoka na ndoo ya asali, akafungua mlango wa abiria, akaiweka kwenye kiti, akavuta mkanda.

"Hapana, baba," nikasema.

"Itamwagika."

"Itakaa nyuma. Tutaifunga kamba. Mkanda ni wako."

Alisimama na ndoo kifuani. Dada yake alikuwa anatutazama. Mtu ambaye kwa miaka yote alikuwa dereva wa gari lile huwa na namna ya kusimama karibu na mlango wake, na alisimama hivyo, kwa muda. Kisha akaenda nyuma, akaiweka ndoo kati ya matawi makavu, akaifunga mwenyewe, fundo juu ya fundo, akarudi akaketi. Mkanda ukalia ulipoingia.

Mwisho wa kijia shangazi alikuwa amesimama kutuaga. Kuaga nako kuna makofi. Nilikanyaga klachi, nikakanyaga breki, nikatoa gia, nikapandisha breki ya mkono, nikazima injini, nikashuka kabisa, ndipo nikapiga goti. Nililipiga kwenye udongo uliotulia.

Niliporudi garini nilitazama chini upande wa kushoto, kwa mazoea. Baba alikuwa amevaa kandambili zake.

Kabla hatujafika Kaliua alishalala, kichwa dirishani. Kwenye kila shimo niliisikia ndoo ikigonga ubavu wa gari, kisha nikasikia fundo la kwanza linaachia, na halafu mlio mwingine, laini, wa kitu kizito kinachotiririka kwenye bati. Sikumwamsha. Tulipoingia uani Ipuli mama alitoka, akaweka mkono juu ya boneti, akashukuru kwa ufupi. Baba akashuka, akazunguka nyuma, akasogeza uso karibu na ndoo, pale ambapo bado alikuwa anaona. Matawi yote yalikuwa yanang'aa.

"Imebaki ya chai," alisema, akaenda kunawa mikono.